Jina Lililorudi Nyumbani

Mume alikaa karibu na mlango, mke akakaa mbele ya meza, na kati yao kikabaki kiti kitupu ambacho hakuna aliyekitaka. Bi Faili alikiona kile kiti kabla ya kuona kingine chochote. Wateja wanaokuja pamoja wakaacha kiti katikati huwa wameshagombana njiani, na mara nyingi wameshagombana tangu juzi.

Jina la Bi Faili alipewa na wenzake polisi, alikofanya kazi miaka ishirini na mbili kwenye masjala, na karatasi haikutoka mezani kwake bila kutobolewa na kufungwa uzi. Alipostaafu alipanga chumba ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa, akaandika mlangoni kwamba anapeleleza mambo ya familia na ya kazi. Alidhani lile jina lingebaki masjala. Likapanda naye ngazi.

"Anza wewe, binti," akasema. "Bwana atasubiri zamu yake."

Mke alikuwa mtaalamu wa maabara, mtu wa vipimo, na alieleza kwa mpangilio. Ndoa yao ilikuwa na wiki saba. Baada ya harusi aliamua kutumia jina la mumewe badala ya la baba yake. Kitambulisho kilitoka bila shida. Kazi ikabaki mtandaoni: barua pepe, hifadhi ya picha, ukurasa wa chama cha watu wa maabara, maduka anayonunulia vitu, na vyote vimefungamana na akaunti moja ya barua pepe aliyoifungua akiwa mwanafunzi. Ukibadilisha jina pale, kwingine kote kunafuata.

"Nikabadilisha," alisema. "Likarudi."

"Likarudi vipi?"

"Nilikuta jina la baba limerudishwa na akaunti imefungwa. Halafu nikaletewa huu ujumbe."

Akageuza simu. Ujumbe ulikuwa mfupi: Mwenye akaunti ametujulisha kuwa mabadiliko haya hayakufanywa naye. Tumerejesha taarifa za awali kwa usalama wake.

"Imetokea mara ngapi?"

"Tano."

"Soma hapo mwanzo, mama," mume akadakia kutoka mlangoni. "Mwenye akaunti. Hawakusema jirani, hawakusema mwizi. Sasa mwenye akaunti ni nani kama si huyu?"

"Nimekwambia zamu yako inakuja."

"Zamu yangu ni fupi. Jumatatu nahamia kituo kipya, siku mbili barabarani. Nimeomba nyumba ya familia, nimepewa. Kama hataki jina langu, aniambie, jina si kamba. Lakini mtu anakwambia ndiyo mchana kweupe, halafu analirudisha kisirisiri mara tano? Hapo si jina tena. Mizigo yake tumeitenga na yangu. Nikijua kuwa ni yeye, Jumatatu nakwenda peke yangu."

Mke hakugeuka kumtazama. Alikuwa amekunja mikono juu ya mkoba wake, na kidole chenye pete kilikuwa kimefunikwa na mkono wa pili.

"Bwana, unafanya kazi gani?" Bi Faili akauliza.

"Mpima ardhi."

"Na huwa unaweka jiwe la mpaka kwanza ndipo upime, au unapima kwanza?"

Bi Faili akavuta karatasi yenye mistari, akaikata kwa kalamu safu tatu: siku jina lilipobadilishwa, saa, na saa liliporudishwa. Alipenda sana kazi hii. Watu hudhani upelelezi ni kukimbiza watu vichochoroni, kumbe sehemu kubwa ni kukaa na rula.

Mke alikuwa na kumbukumbu zote kwenye simu, na safu zikajaa haraka. Mara ya kwanza, Jumanne saa nne asubuhi, jina lilirudi baada ya dakika tatu. Mara ya pili, Ijumaa, mke alibadilisha saa nane kasoro dakika mbili, akaingia maabara saa nane, na jina likarudi saa nane na dakika mbili.

"Maabara mnaingia na simu?"

"Hapana. Tunaziacha kwenye makabati ya mlangoni, ufunguo anakaa nao msimamizi. Nilitoka saa kumi na mbili."

"Umesikia, bwana? Ya pili si yeye, labda kama anabonyeza kwa mawazo." Akaweka alama. "Ya tatu?"

"Jumatano. Dakika nne."

"Siku hiyo mimi nilikuwa porini napima," mume akasema kwa sauti ya chini zaidi. "Hakuna hata mtandao."

"Vizuri. Kwa hiyo si wewe pia, maana na wewe nilikuwa nimeshakuandika."

Bi Faili akaendelea. Mara ya nne jina lilibadilishwa Alhamisi, lakini lilirudi Jumapili saa kumi alasiri. Mara ya tano lilibadilishwa Jumatatu, likarudi Jumapili iliyopita, saa kumi alasiri tena.

Alizitazama zile safu muda mrefu. Tatu za kwanza zilirudi ndani ya dakika tano. Mbili za mwisho zilingoja siku kadhaa, na zote zikachagua saa ile ile ya siku ile ile.

"Akaunti ikifungwa, unaifungua vipi?" akauliza.

"Wanatuma namba sita. Nampigia baba ananisomea, naziandika, naingia."

"Zinakwenda kwa baba?"

"Simu yake ndiyo niliyoandikisha tangu shule, wakati huo sina simu yangu. Nilisema nitaibadilisha, lakini nikataka nimalize jina kwanza." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza asubuhi hiyo. "Maskini baba, anahangaika na mimi. Mara ya tatu nikamwambia kuna mtu ananichezea akaunti, ananirudishia jina. Akaniambia nijihadhari."

"Neno lako la siri analijua nani mwingine?"

Mume akatazama dari.

"Kuna mtu tulichumbiana zamani," mke akasema. "Ni fundi simu. Aliwahi kulijua."

* * *

Kibanda cha fundi simu kilikuwa mkabala na kituo cha mafuta, na fundi mwenyewe alikuwa ameinamia simu iliyotumbuliwa, lenzi ya kukuzia jichoni. Bi Faili akajitambulisha na kueleza kilichomleta. Alitarajia mtu wa kubabaika. Fundi akacheka hadi akaweka chini koleo lake.

"Mama, mimi neno langu mwenyewe nimelisahau mara tatu mwaka huu. Nitakumbuka la mtu niliyeachana naye miaka minne? Hao hapo ndio wanaonijaza kichwa." Akaonyesha picha iliyobandikwa ukutani: mwanamke mcheshi na watoto pacha wenye makofia makubwa.

"Jumapili saa kumi unakuwa wapi?"

"Uwanjani. Napuliza filimbi mechi za mtaa. Waulize wachezaji, wananichukia wote."

Bi Faili akamwonyesha ule ujumbe alioupiga picha. Fundi akausoma mara mbili, na kicheko kikafutika usoni. Sasa alikuwa fundi.

"Huyu hajaibiwa," akasema. "Mwizi akiingia kwenye akaunti anabadilisha neno la siri, anakufungia nje, anaanza kuomba omba kwa rafiki zako. Hakurudishii jina la baba yako na kukuachia mlango. Hapa hakuna aliyeingia."

"Sasa nani amelirudisha?"

"Wenyewe wa barua pepe, mitambo yao. Ukibadilisha kitu kikubwa kama jina, wanatuma swali kwenye simu iliyoandikishwa. Taarifa za akaunti zimebadilishwa, je, ni wewe? Chini pana vitufe viwili. Kuna mtu anaulizwa, mama, na anajibu kuwa si yeye."

Bi Faili akafunga daftari lake. Alikuwa ameshalijua jibu tangu kwenye zile safu tatu, lakini alikuwa akitumaini fundi simu amharibie hesabu.

"Wakati wetu simu iliyoandikishwa ilikuwa ya mzee, baba yake," akasema fundi, akirudisha lenzi jichoni. "Bila shaka bado ni hiyo hiyo. Nakumbuka alikuwa anasoma zile namba taratibu, moja moja, halafu anamuuliza kama amekula. Mimi nimekaa hapo pembeni nasubiri tuende zetu. Mzee mzuri yule. Msalimie."

* * *

Duka la baba lilikuwa kwenye mtaa wa nyuma ya mahakama, mlango mmoja, kaunta ya mbao, na kibao kilichofifia: UCHAPAJI, FOTOKOPI, BARUA ZA KISERIKALI NA BINAFSI. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kopi. Hata watoto waliozaliwa baada ya watu kuacha kuchapisha barua walimwita hivyo, na hawakujua kwa nini.

Ilikuwa saa saba mchana. Mzee alikuwa nyuma ya kaunta, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama, miwani imefungwa uzi shingoni. Pembeni yake kulikuwa na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikinguruma bila kazi, kompyuta moja ya zamani, na juu ya meza ndogo, chini ya kitambaa kilichofumwa, taipureta.

Bi Faili aliingia akasimama. Harufu ya wino na karatasi zenye joto ilimrudisha mbali. Na yeye aliwahi kukaa duka kama hili, cheti cha ndoa mkononi, mchapaji akamuuliza jina la mume ni nani, akaona haya kulitamka mbele ya watu waliopanga foleni. Yule mchapaji alirudia kuuliza makusudi, na foleni yote ikacheka. Mume mwenyewe sasa ni marehemu, na lile duka linauza vifuniko vya simu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Tunatoa kopi au tunachapa?"

"Tunazungumza kidogo. Binti yako amekuja kwangu leo asubuhi."

Mzee akavua miwani. Hakuuliza amekuja kwa sababu gani, na Bi Faili akaliandika hilo kichwani.

"Karibu ndani," akasema, akainua ubao wa kaunta.

Akamkalisha kwenye kiti chenye mto wa ngozi bandia, yeye akakaa kwenye stuli. Bi Faili hakuanza na swali. Alitazama mafaili yaliyopangwa ukutani, mgongo wa kila moja umeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kiboko. Maombi ya kazi. Mirathi. Rambirambi. Na safu nzima, mafaili tisa au kumi, yaliyoandikwa Mabadiliko ya Jina.

"Haya ni nini, Mzee?"

"Hayo ni mabinti wa watu." Mzee akashusha moja, akapuliza vumbi. Ndani kulikuwa na nakala nyembamba za karatasi ya kaboni, herufi zimeanza kuiva rangi ya zambarau. "Msichana akiolewa, anakuja hapa na cheti chake. Namchapia barua ya benki, ya shule aliyosoma, ya posta, ya mwajiri. Barua nne, saa nzima. Na huwezi kukaa na mtu saa nzima msizungumze. Nilikuwa najua harusi zote za mtaa huu, nani alichelewa, nani alilia, suti ya nani ilikuwa ya kuazima. Siku hizi jina linabadilishwa mtu amelala chali kitandani."

"Umewahi kukosea barua hata moja?"

"Mimi?" Mzee akaonekana kuumia. "Miaka thelathini na nne. Karatasi ikikuuliza kitu, jibu ulichoulizwa, usiongeze, usipunguze. Wanaorudishiwa fomu ni wale wanaojibu wanachotaka wao."

Bi Faili akatoa ile karatasi ya safu tatu, akaiweka juu ya faili.

"Basi nisaidie fomu hii. Jumanne, saa nne na dakika tatu. Simu yako iliuliza nini?"

Mzee aliitazama karatasi. Kidole chake kilishuka safu ya saa, taratibu, kama anahakiki kazi ya mwanafunzi.

"Iliuliza," akasema, "taarifa za akaunti zimebadilishwa, je, ni wewe?"

"Ukajibu?"

"Si mimi. Kwani ni mimi? Sijabadilisha taarifa za mtu yeyote. Nilikuwa hapa nachapa hati ya kiwanja." Alisema kwa uzito wa mtu aliye kizimbani na mwenye haki. "Nikasema wezi hao. Binti yangu nimemwambia tangu mdogo, mtandaoni kuna wezi. Ile akaunti nilimfungulia mimi, kwenye kompyuta hii, miguu yake haifiki chini, nimemwekea vitabu vya simu viwili akalie. Nikabonyeza si mimi, nikafurahi. Nikaona nimemlinda."

"Ijumaa?"

"Hivyo hivyo."

"Jumatano?"

"Hivyo hivyo. Papo hapo."

"Nakuamini, Mzee. Hizo tatu ni makosa ya mtu mkweli." Bi Faili akasogeza kalamu chini. "Sasa hii ya nne. Ulikaa nayo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ukaijibu Jumapili saa kumi. Mtu aliyejibu mara tatu ndani ya dakika tano alikuwa anangoja nini siku tatu?"

Mashine ya fotokopi ikanguruma, ikatulia. Mwanamke mmoja alichungulia mlangoni na bahasha mkononi, akaona watu wamekaa kimya, akasema atarudi.

"Baada ya ile ya tatu, binti yako alikwambia kwenye simu kuna mtu anamrudishia jina," Bi Faili akasema. "Wewe si mtu wa kushindwa kujumlisha. Ulielewa siku ile kuwa mtu huyo ni wewe. Ungemwambia pale pale, mngecheka, yakaisha. Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Nilimwomba orodha ya simu alizokupigia tangu harusi. Wiki ya kwanza, kila siku. Wiki ya pili, mara mbili. Baada ya hapo, Mzee, simu ni tano tu. Nimezilinganisha na siku akaunti ilipofungwa." Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Mzee alichukua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena ilhali ilikuwa safi.

"Jumapili saa kumi alikuwa anakuja hapa," akasema. "Tangu mama yake afariki. Nafungua duka nusu mlango, si kwa wateja, tunapanga mafaili. Yeye anatoboa, mimi nafunga. Kazi yenyewe hata haikuwepo, mafaili yalikwisha kupangwa zamani, tunayapangua na kuyapanga. Alipoolewa nikasema atapumzika kidogo, atakuja. Jumapili ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Ni haki yake, ana kwake. Nimekaa hapo ulipokaa wewe, saa kumi, lile swali liko kwenye simu. Nikajua nikibonyeza, atapiga."

"Akapiga."

"Ndani ya dakika kumi. Nikamsomea namba taratibu. Ziko sita tu, mama. Hata ukisoma taratibu namna gani, ziko sita."

Bi Faili alitazama pembeni. Alikuwa amehoji wezi, matapeli na mtu mmoja aliyeuza nyumba ya mama yake mzazi, na hakuna aliyemfanya atamani kuwa sehemu nyingine kama huyu mchapaji. Alimhurumia, na huruma ile ikamtia hasira.

"Kuna jingine, au ni hilo tu?"

Mzee alisimama, akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na karatasi nne nzito, nyeupe, zilizochapwa kwa taipureta. Barua ya benki, ya shule, ya posta, ya mwajiri. Jina la binti limeandikwa kamili. Pale jina la mume linapokaa, mzee alikuwa ameacha nafasi.

"Nilizichapa akiwa kidato cha nne," akasema. "Nilikuwa sijui ataolewa na nani. Nikasema siku hiyo itakuja, atakaa hapo, nitamuuliza jina la mume ni nani, aone haya kidogo, nijaze. Barua za mabinti wa watu wote nimechapa mimi. Ya kwangu ikabadilishwa na simu. Hata hakukumbuka kuniambia kabla, mitambo ikamtangulia. Nililia, sikufichi. Mzee mzima, nikafunga mlango nikalia."

"Pole, Mzee."

"Si kosa lake."

"Si kosa lake," Bi Faili akakubali, "lakini ndiye anayeadhibiwa. Mkweo amesoma ule ujumbe, mwenye akaunti amekana. Anadhani mwenye akaunti ni mkewe. Anadhani msichana anajuta kuolewa naye na hathubutu kusema. Jumatatu anahamia kituo kipya, siku mbili kutoka hapa, na mizigo ya binti yako imetengwa. Anakwenda peke yake."

Mzee alibaki na zile barua mkononi.

"Hakuniambia," akasema.

"Angekwambia saa ngapi? Mnasoma namba."

Hilo lilimpata. Akaketi, akazirudisha barua kwenye bahasha, akakosa mdomo wa bahasha mara mbili. Bi Faili alijuta kidogo, kidogo tu, kwa sababu leo ilikuwa Alhamisi na Jumatatu haikuwa mbali.

"Nina ripoti ya kuandika," akasema kwa upole zaidi. "Itasema kila kitu, tatu na mbili, kama ilivyokuwa. Siwezi kuipunguza, na wewe unajua kazi za karatasi. Lakini mimi mwandiko wangu ni wa pole pole, naweza kuianza saa tisa. Sasa ni saa nane kasoro robo."

Mzee alielewa. Alichukua simu kutoka chini ya kaunta, simu yenye vitufe vikubwa na sauti iliyofunguliwa mpaka mwisho kwa sababu ya masikio yake. Alipiga namba kwa kichwa. Iliita mara moja tu.

"Baba?" Sauti ya binti ilijaa dukani. "Baba, leo sijagusa kitu. Zimekuja tena?"

"Hapana, mwanangu. Hakuna namba leo. Mumeo yuko hapo?"

"Yuko. Anafunga mizigo. Baba, unaumwa?"

"Mpe simu. Usiende mbali."

Ilisikika sauti ya utepe wa gundi ukichanwa, kisha ikakoma. Hatua. Mzee alisimama wima, akafunga kifungo cha juu cha shati, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa Bi Faili.

"Shikamoo, Baba," mume akasema, kwa adabu ya mtu aliyechoka.

"Marahaba, baba. Nisikilize, usinijibu mpaka nimalize. Jina la mkeo nilikuwa narudisha mimi. Wanauliza kama ni mimi, nasema si mimi. Mara tatu za kwanza nilidhani nafukuza wezi. Mara mbili za mwisho nilijua, na nikafanya, ili apige simu. Yeye hajui mpaka sasa hivi ninavyokwambia. Hajakukana hata siku moja. Nimemaliza."

Bi Faili alihesabu mikunjo ya kitambaa kilichofunika taipureta.

"Tatu hukujua," mume akasema mwishowe.

"Tatu sikujua. Mbili nilijua."

"Samahani, Baba, subiri kwenye simu. Kuna mtu natakiwa kumwomba radhi kwanza."

Simu ililazwa juu ya kitu kigumu. Walisikia sauti za mbali, ya mwanamume kwanza, ndefu, kisha ya mwanamke, fupi. Kiti kiliburuzwa. Mzee alishika kaunta kwa mikono miwili. Bi Faili alitaka kumwambia akae, akaona atamsumbua.

Mtu akaichukua simu. Ilikuwa pumzi kwanza, pumzi ya mtu aliyekuwa analia na bado hajaamua kama ameacha.

"Baba," binti akasema.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ungesema njoo tu."

Mzee Kopi alitazama mafaili yake, kompyuta yake, kiti alichokaa mgeni.

"Njoo," akasema.

Upande wa pili, binti alishusha simu bila kuifunga, na wakamsikia akimuuliza mumewe funguo za gari ameziweka wapi.